Masale Niliyoyapanda kwa Shangazi

Shingo yangu ni fupi na watu hudhani nilizaliwa hivyo. Sikuzaliwa hivyo. Ni matenga ya kabichi. Niliacha shule darasa la pili, na kuanzia hapo mpaka nilipooa nilikuwa mchukuzi. Nilibeba mazao ya watu kutoka kitongojini kwetu, juu kabisa upande wa Mponde, mpaka kwenye barabara ya magari. Wasiojua milima hufikiri kuteremka ni rahisi. Kuteremka na tenga kichwani ndiko kunakomaliza magoti. Kurudi ulipanda mtupu, labda na chumvi ya mtu aliyekuagiza.

Siandiki haya ili nihurumiwe. Kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, nikikaa benchi moja na mke wangu, naye akinishinda. Lakini shamba nilikuwa nimeshanunua. Nililinunua kwa shingo hii, kipande kwa kipande, kwenye mteremko ambao wenzangu waliuacha kwa sababu ya mawe. Nikayatoa mawe, nikapanda mipeasi. Hakuna aliyenirithisha kitu. Baba aliniachia jembe lisilo na mpini.

Mipeasi ilipoanza kuzaa nikakuta jambo ambalo wengine walikuwa wamelinyamazia. Peasi halibebeki kichwani nusu siku likafika zima. Linafika limevia upande mmoja. Mwenye lori aliligeuza mkononi, akalirudisha kwenye tenga, akaniambia, "Hizi kawape ng'ombe." Sikuwa na ng'ombe. Miaka miwili nilimwaga mapeasi bondeni, nguruwe mwitu wakanenepa.

Basi katibu kata alipokuja kutuambia habari ya barabara, mimi nilikuwa nimeshaitaka kabla hajafungua mdomo. Alifika kwa miguu, suruali imelowa umande mpaka magotini. Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, kila mahali watu wanahesabiwa na kusogezwa. Tulikaa nje ya nyumba ya mjumbe wa nyumba kumi, naye akasema bila kuzunguka.

"Serikali haileti shule wala zahanati mahali pasipofika gari. Gari likifika hapa kabla ya masika, mtaandikwa kijiji. Lisipofika, mtashuka."

Mzee mmoja akauliza, "Tushuke wapi, ndugu katibu?"

"Chini, tambarare. Upande wa reli."

"Kule kwenye mbu?"

"Mbu hata huku wapo."

"Huku wanakuja kutembea tu. Kwao ni kule."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake akaondoka. Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Tulijua vitongoji vilivyoshushwa. Tulijua waliorudi kuangalia migomba yao wakakuta imelimwa na wengine. Na mimi nilijua kwamba mpeasi hauoti tambarare.

Mpimaji wa wilaya alikuja mara moja. Alipiga vigingi vya rangi nyekundu kutoka barabara ya chini mpaka kwenye kijito, akasema atarudi kumalizia. Tukamngoja. Baadaye tukasikia amehamishwa. Kutoka kijito mpaka kwetu kulikuwa bado na mwendo mrefu, na mlima hauchimbwi kwa kukisia.

Hapo ndipo waliponikumbuka mimi. Wakati wa mkoloni, walipotulazimisha kuchimba matuta mashambani, mimi ndiye niliyeshika kipimo. Ni miti mitatu iliyofungwa kama paa la nyumba, na kamba yenye jiwe inaning'inia katikati. Kamba ikikaa kwenye alama, maji hayatakimbia. Watu walichukia matuta kuliko kodi, na kwa ajili ya kipimo hicho bibi mmoja alinitemea mate sokoni. Nilijifuta nikaendelea na kazi. Sasa watu wale wale walikuja nyumbani kwangu kuniuliza kama bado najua kukitumia. Niliwaambia najua. Nikafanywa msimamizi.

Tatizo la kwanza lilikuwa kuni. Nilipiga vigingi vya miti mikavu asubuhi, jioni nusu yake havipo. Kigingi kikavu kwetu ni kuni iliyokwisha kupasuliwa, na mwanamke anayerudi shambani na mzigo wa majani haulizi ni cha nani. Nilikemea, nikatukana kidogo. Vikaendelea kuondoka.

Ndipo nikapata akili ya masale. Sale ni mmea wa majani marefu ambao tunaupanda mipakani na makaburini. Ukikata tawi ukalichomeka, linashika. Na likishashika, halina mtu wa kuling'oa. Ukiling'oa umehamisha mpaka, na aliyehamisha mpaka kwetu hatajwi vizuri hata na watoto wake. Hilo halifundishwi kanisani wala msikitini. Mtoto huzaliwa analikuta. Nikasema, kwenye kipande cha mashambani, walikopita wanawake wengi, nitapiga vigingi vya masale, nione ni mwanamke gani atapikia ugali.

Niliona nimewaweza. Hakikuguswa hata kimoja.

Hapo mstari wangu ulipita chini ya shamba la shangazi yangu, dada wa baba. Alikuwa mjane. Chini yake alilima shemeji yake, mdogo wa marehemu, na tangu marehemu azikwe jembe la huyo bwana lilikuwa linapanda mlima. Hatua moja msimu huu, hatua moja msimu ujao. Mpakani mwao palikuwa na masale ya zamani, nayo yalikauka yote mwaka mmoja. Masale hayakauki yote mwaka mmoja. Kila mtu alilijua hilo na kila mtu alikuwa na mambo yake ya kufanya.

Shangazi alinikuta nikichomeka tawi kwenye ukingo wa shamba lake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unapanda nini hapo?"

"Alama za barabara."

"Hilo ni sale."

"Ni alama tu, shangazi."

Aliutazama mstari wote, tisa kwa jumla, kuanzia jiwe kubwa mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Kisha akasema, "Sukuma chini vizuri, lishike." Akaenda ndani akaniletea viazi vya kuchemsha na chumvi. Nikala. Nilikuwa najua anafikiri nini. Sikusema kitu, maana viazi vilikuwa vya moto na alama zangu nilitaka zisiguswe.

Mvua za vuli zikaja. Tulisimamisha kuchimba ili tupande maharage, kwa sababu hata kijiji cha ujamaa kinakula. Tuliporudi kazini masale yote tisa yalikuwa yameota. Majani mapya, ya kijani kilichoiva, yanang'aa. Na jembe la yule shemeji lilikuwa limesimama hapo hapo. Safari hii hakupanda hata kidole.

Kazi yetu ilikuwa ya msaragambo, ya wote bila malipo. Kila nyumba ilipewa kipande chake, mipini kumi ya jembe kwa urefu. Mwanamume alichimba, mkewe na watoto wakazoa udongo kwa karai. Aliyemaliza alikaa akimcheka jirani yake, na jirani aliongeza mwendo. Tulikwenda vizuri namna hiyo mpaka tulipofika kwenye sale la kwanza. Kundi likasimama.

Mbele alikuwapo fundi wa kuezeka nyumba, mtu wa maneno mengi. Aliegemea jembe akaniita kwa jina letu la heshima kwa mwanamume mzima.

"Mghoshi, hapa pana sale."

"Nimelipanda mimi."

"Ulilipanda wewe, lakini limeota lenyewe."

"Basi ling'oe."

"Ling'oe wewe uliyefika darasa la pili. Mimi sijui kusoma, nisije nikang'oa la watu."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyeinua jembe. Mwalimu wa kanisa alikuwapo na kipande chake cha kuchimba kama sisi sote. Akasema kwa sauti ya mahubiri kwamba sale ni jani kama majani mengine.

Fundi akamnyoshea panga. "Haya, mwalimu, tuanzie kwako."

"Leo mgongo unanisumbua," akasema mwalimu.

Mzee wa msikitini alikuwa amesimama karibu. Aligeuka akaangalia mawingu.

Siku hiyo hatukuchimba. Kesho yake wakaja wachache, keshokutwa wachache zaidi. Wengine walianzia mbele, wakachimba kutoka kwenye sale la mwisho kwenda kitongojini, ili mikono isilale. Kwa hiyo tukawa na barabara ya chini na barabara ya juu, na katikati ukingo wa shamba la shangazi umesimama na majani yake. Masika yalikuwa yanakaribia. Katibu kata alituma mtu kuuliza tumefika wapi. Nikamwambia mtu huyo aseme tunakaribia. Alitazama majani yale, akaniambia, "Nitasema mmesimama."

Alasiri nilikwenda kwa shangazi. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na hakuacha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya masale."

"Ndiyo."

"Pindisha barabara. Ipite juu ya nyumba yangu, chini uyaache."

"Juu ni pakali. Gari halitapanda."

"Umepima?"

"Nimepima."

Na kweli nilikuwa nimepima. Nilikwenda asubuhi ile kabla watu hawajaja. Juu ya nyumba yake kamba ilitoka nje ya alama kwa upana wa kidole. Ni pakali, lakini si pa kushindwa. Siku hizi malori yanapanda penye mteremko mbaya kuliko ule na dereva anakula mua. Ila ukipindisha juu ya nyumba ya shangazi huna mahali pa kutokea isipokuwa shambani kwangu. Nilihesabu. Ingekatwa mipeasi kumi na mmoja.

Hayo sikumwambia. Nilimwambia, "Haiwezekani."

Shangazi alipeta ungo mara mbili. "Haya," akasema. "Kama kipimo ndicho kilichosema."

Kesho yake nilikwenda na panga na jembe, mchana kweupe, wote wakiona. Sikutaka iwe kazi ya kujificha. Nilichimba sale la kwanza nikalitoa na mizizi yake. Mizizi ya sale ina rangi ya chungwa, nilikuwa sijawahi kuiona kwa sababu nilikuwa sijawahi kuling'oa. Nililiweka juu ya jani la mgomba, nikaenda la pili. Fundi wa kuezeka alikuwa ameketi juu ya jiwe, amefunga mdomo, jambo ambalo silikumbuki siku nyingine. Nilipoinua la tisa nikawaambia, "Chimbeni." Wakachimba. Walichimba haraka, kama watu wanaotaka mahali pale pasiwepo tena.

Mtu anaweza kuniuliza nilijisikiaje. Mikono iliniuma. Zaidi ya hapo, nikisema nilijisikia kitu, nitakuwa naongeza chumvi.

Barabara ilikamilika siku chache kabla ya mvua kubwa. Lori la kwanza lilipanda asubuhi, likitembea pembeni pembeni kama mbuzi, wanaume watano wakilifuata nyuma na magogo ya kuzuia magurudumu. Lilipofika kwenye uwanja wa mjumbe dereva alishuka akatazama alikotoka.

"Hii mmechimba kwa mikono?"

"Miguu tulikuwa tumesimamia," akasema fundi.

Wanawake walipiga vigelegele. Katibu kata alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, suruali kavu safari hii, akaandika jina la kijiji kwenye daftari na kutusomea. Hatukushuka tambarare. Aliyeandikwa ameandikwa. Watu walinishika mkono, hata watoto wa yule bibi wa mate. Nilitegemea moyo utaruka siku hiyo, maana nilikuwa nimeitaka barabara kuliko wote. Nilisimama nikawa naangalia mfereji wa pembeni, kwamba umejaa majani na utaziba.

Sitaki kusema barabara ilikuwa mbaya. Anayesema hivyo hajabeba tenga. Mapeasi yangu yalianza kufika masoko ya Soni na Mombo yakiwa na ngozi zao. Mwaka uliofuata mke wa fundi alishikwa na uchungu mtoto amekaa vibaya, lori la kabichi likampeleka hospitali, wakarudi wawili. Kabla ya hapo tungembeba kwa machela, na tulishabeba wengi kwa machela, najua walivyorudi. Watu walianza kuezeka bati. Niliezeka mimi kwanza.

Lakini mvua hazijaisha, yule shemeji wa shangazi akapeleka mashtaka kwa wazee wa baraza. Alisema barabara imekula shamba lake. Alisema mpaka wao ulikuwa juu zaidi, hatua thelathini ndani ya shamba la shangazi, na kwamba marehemu kaka yake alilijua hilo. Marehemu hakuwepo kulikana.

Shangazi alisimama akajibu kwa maneno machache.

"Mpaka ulikuwa penye masale. Wote hapa waliyaona. Wote hapa walikataa kuyagusa. Mngekataaje kugusa kitu ambacho si mpaka?"

Wazee wakatazamana. Lilikuwa neno zito. Ndipo yule shemeji akanyosha kidole kwangu. "Muulizeni aliyeyapanda."

Mzee aliyeongoza baraza akanigeukia. "Mghoshi, masale yale yalikuwa ya mpaka au ya barabara?"

"Ya barabara."

"Hukuyapanda kuonyesha mpaka?"

"Sikuyapanda kuonyesha mpaka."

"Na mpaka wa zamani ulikuwa wapi?"

"Ulipopandwa mimi sikuwepo."

Yote matatu yalikuwa kweli. Mimi sisemi uongo barazani, sijawahi. Ningeweza kuongeza kwamba nilikuwa napita pale na mzigo kichwani miaka yote, na kwamba masale ya zamani nilikuwa nayaona yalipo, hatua tano au sita tu kutoka kwenye yangu. Sikuulizwa nilichoona. Na ningeanza kuongeza, mtu angeweza kuuliza kwa nini basi barabara haikupita juu, na kipimo ninacho nyumbani, na yeyote anaweza kukibeba mpaka kule akaangalia kamba.

Wazee waligawa katikati, kama wazee wanavyogawa wasipojua. Shemeji alipata hatua kumi na tano juu ya barabara. Ndipo palipokuwa na unyevu, ndipo shangazi alipopanda kabichi wakati wa kiangazi. Kilichobaki kwake ni kipande cha juu karibu na nyumba, chenye udongo mwekundu, kinachotoa mihogo na lawama.

Nyumbani mke wangu alikuwa anamenya viazi. Aliniuliza bila kuinua macho, "Mipeasi mingapi ingekatwa?"

"Kumi na mmoja."

Akachukua kiazi kingine.

Tangu siku hiyo shangazi hakunikosea adabu hata mara moja. Nikikutana naye nilisema shikamoo, alisema marahaba, akapita. Sikukuu nilimpelekea nyama, akaipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akafunga mlango taratibu. Nilimpelekea tenga la mapeasi, akawagawia watoto wa jirani mbele yangu, yote, mpaka tenga likabaki tupu, akanirudishia. Alinizidi umri na alikuwa dada wa baba, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kwenda kumsemesha kwa niaba yangu. Ningesema nini? Kwamba amenijibu marahaba?

Wapo walioniambia nimpe kipande cha shamba langu. Nilikwenda kumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nikilima kwako nitakuwa mgeni wako." Nikaondoka.

Ikawa hivyo miaka mingi. Barabara ya udongo inataka mikono kila baada ya masika, na kila nyumba iliendelea kuwa na kipande chake cha kutengeneza. Kipande cha shangazi kilipakana na changu. Alikuwa ameshazeeka, watoto wake walikuwa mbali, lakini hakukubali kuchimbiwa. Alikuja na jembe lake fupi, amejifunga kitenge kiunoni, akasafisha mfereji wake polepole, bila kupumzika mbele ya watu.

Mwaka mmoja mvua zilikata barabara pale pale kwenye kona yetu. Udongo ulishuka ukafunika njia, na upande wa pili lori lilikuwa limekuja kuchukua mapeasi yangu, dereva amekaa juu ya bodi anatungoja. Tulizoa udongo tangu asubuhi. Nilichimba mfereji mpya wa kutoa maji, nikaupima kwa kipimo kile kile, nikaridhika nao. Shangazi alisimama kwenye mpaka wa kipande chake, akautazama muda mrefu.

"Huo umeuchimba chini mno," akasema. "Maji yatarudi barabarani."

Ukiacha marahaba na ahsante, yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu alipokataa lile shamba.

"Nimepima, shangazi."

"Ndiyo," akasema. "Wewe hupima."

Aliegemea jembe lake akinitazama. Hakuwa na hasira usoni. Nilitafuta hasira nisiione, na ningeifurahia. Alikuwa anajua jambo lile la kipimo na mipeasi. Sijui alijua tangu lini, huenda tangu ile siku ya ungo, na alikuwa amekaa nalo akipita hapo kila siku, akiitazama mipeasi yangu juu ya nyumba yake.

"Basi nichimbe wapi?" nikamuuliza.

Akainua jembe akanionyesha, mkono mmoja juu ya mstari wangu. Dereva alipiga honi. Nilivua shati, nikaufukia mfereji wangu, nikaanza kuchimba pale alipoonyesha.